Kwenda Kuwaona

Waraka wa pili wa Yohana ni mfupi kiasi kwamba ukifunua Biblia kwa haraka utaupita bila kujua. Una aya 13 tu. Mzee aliyeuandika anafika karibu na mwisho, anasema bado ana mengi moyoni, lakini hataki kuyamalizia kwa wino. Anatumaini kwenda mwenyewe, wazungumze wakiwa wanaonana. Katika waraka wa tatu anarudia jambo hilohilo. Nimesikia mahubiri mengi juu ya nyaraka hizo, juu ya upendo na kweli na juu ya walimu wa uongo, lakini sijawahi kumsikia mhubiri akisimama kwenye aya ile ya karatasi na wino. Pengine tunaiona ni maneno ya kufungia barua tu. Mimi naiona ni fundisho kamili, na nililielewa vizuri mwezi Juni mwaka 2023, niliposafiri na rafiki yangu kwenda kuwaona watu wetu milimani.

Sisi wa mjini tunayo karatasi na wino ya siku hizi, nayo ni simu. Mzazi akiugua tunatuma pesa, na kabla hujarudisha simu mfukoni ujumbe umeshaingia kwamba amepokea. Sisemi ni vibaya. Pesa hizo zimenunua dawa, mbolea na mabati, na wapo wazee ambao bila hizo tungeshawazika. Lakini simu ina udhaifu wake, nao umo ndani ya salamu zetu wenyewe. Kiswahili kimetupa salamu ambazo jibu lake liko tayari kabla ya swali. Hujambo? Sijambo. Habari za huko? Nzuri. Hata aliyefiwa huanza kwa kusema "salama", ndipo aongeze "ila". Mtu akiwa mbele yako, ile "ila" unaiona usoni pake kabla hajaitamka. Kwenye simu, asiyetaka kuisema haisemi, nawe huna pa kuisomea.

Rafiki yangu na mimi ni walimu wa shule ya msingi Dar es Salaam. Tumefundisha madarasa yanayotazamana kwa miaka 16, na tunaimba kwaya moja, sauti ya pili. Yeye ni Mpare, mimi ni Msambaa, kwa hiyo hatujawahi kupungukiwa utani. Mume wake alipata kiharusi mwaka 2019, na tangu hapo maisha yake yalikuwa ni shule, hospitali, mazoezi ya miguu ya mgonjwa, kisha shule tena. Kwao alikuwa hajafika kwa miaka minne. Kila Jumapili jioni alimpigia baba yake simu, na kila mwisho wa mwezi alimtumia chochote alichojaliwa.

Mwaka huo mume alikuwa ameanza kutembea na fimbo, na binti yao mkubwa alikuwa nyumbani likizo. Ndiye mume aliyesema. "Nenda ukamwone baba," alimwambia. "Mimi hapa siendi popote." Walicheka wote wawili, jambo ambalo kwa nyumba ile lilikuwa limeadimika.

Tuliondoka saa kumi usiku kwa kigari chake cha Toyota IST, nyuma tukiwa tumepakia sukari, sabuni, khanga mbili za shangazi yangu na redio mpya ya baba yake. Tuliombea safari kwenye kituo cha mafuta, yeye akiwa ameshika usukani na mimi nimeshika chupa ya chai. Mimi siendeshi. Kazi yangu ilikuwa kumwamsha kwa mazungumzo na kumkumbusha vibao vya 50, maana kutoka Chalinze kwenda juu askari wa tochi wanajua kujificha kuliko swala. Tulivuka Wami juu ya daraja jipya kukiwa kumepambazuka. Wanaolikumbuka lile la zamani, jembamba, ambalo magari yalilazimika kusubiriana, watajua kwa nini abiria wengine mpaka leo hushusha pumzi pale.

Nimegundua kwamba ndani ya gari watu huongea yale wasiyoyaongea mezani. Labda ni kwa sababu mnatazama mbele wote wawili, hakuna anayemkazia mwenzake macho. Tulipofika mashamba ya mkonge, kabla ya Korogwe, nilikuwa namsimulia habari za babu yangu aliyekata mkonge huko, na jinsi mmea wenyewe ulivyoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 1,000 ikasafirishwa na 62 tu ikafika hai. Nilikuwa najiandaa kuingiza na punje ya haradali, mwalimu hachoki kufundisha. Akanikatiza.

"Mwenzangu, baba siku hizi ananiuliza mimi nani."

Nikanyamaza.

"Zamani nikipiga alikuwa akipokea kwa kuniita jina. Jina langu linatokea kwenye simu yake, nilimwandikia mwenyewe. Sasa ni mwaka mzima, anapokea anasema, 'Nani mwenzangu?' Mpaka niseme neno, ndipo anijue."

Alikuwa anaogopa kwamba baba anapoteza kumbukumbu. Alikuwa ameona mama wa mwalimu mmoja pale shuleni kwetu, jinsi alivyoishia kuwaita watoto wake kwa majina ya ndugu zake waliokufa. "Nimeshaanza kujiandaa," alisema. "Nimesema moyoni, asiponijua, nitamjua mimi." Hayo ndiyo yaliyokuwa ndani ya gari pamoja na sukari na sabuni.

Tulipofika Mombo tulikata kulia, tukapanda kona za mlimani hadi Soni, kwa shangazi yangu aliyenilea. Hapo tulilala usiku mmoja. Shangazi ana miaka 80 na ushee, bado analima viazi vyake, na mimi huenda kila mwaka. Baada ya chakula alinivuta chumbani, akatoa sanduku chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na gauni jeupe lililopigwa pasi, khanga mpya, kitabu chake cha nyimbo chenye vipande vya uzi kwenye nyimbo nne alizozichagua, na mfuko wa nailoni. Katika mfuko ule alikuwa amehifadhi stakabadhi zake zote za ahadi na sadaka za kanisani, mwaka kwa mwaka, zimefungwa kwa mpira. "Ili asitokee mtu wa kusema sikuwa mshiriki," alisema. Halafu akanikabidhi mambo mawili ambayo siwezi kuyaandika hapa, moja la shamba na moja la ndugu yetu. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kwa simu. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini hali chakula kwa sikio.

Asubuhi iliyofuata tulishuka, tukaendelea na safari kuelekea kaskazini. Milima ya Upare ilitusindikiza upande wa kulia njia nzima, Hedaru, Makanya, Same, na kiangazi kilikuwa kimeshaanza kuifanya nyika ya chini iwe ya rangi ya magunia. Rafiki yangu alikuwa haongei tena. Mwanga tuliiacha barabara kuu, tukapanda polepole kwa gia ya kwanza, mpaka baridi ikaanza kuingia dirishani na migomba ikatokea. Kutoka kijijini kwao, kukiwa hakuna ukungu, unaiona Kilimanjaro upande mmoja na Ziwa Jipe chini upande wa pili. Siku ile tuliona vyote viwili. Nasema hivi kwa sababu baadaye nililazimika kuvisimulia.

Baba yake alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza gari. Ni mzee mrefu, mstaafu wa reli, aliyekuwa mzee wa kanisa kwa vipindi vingi. Rafiki yangu alikwenda mbio, akasimama mbele yake, akanyoosha mkono bila kusema kitu. Nadhani alikuwa anamjaribu. Alitaka aone kama ataitwa kwa jina.

Mkono ule ulibaki hewani. Mzee alikuwa anatabasamu kuelekea kwenye gari.

"Shikamoo, baba," alisema hatimaye, na uso wa mzee uligeuka mara moja, ukang'aa, akamwita kwa jina lake la nyumbani, la lugha yao, ambalo sikuwahi kulisikia. Akamshika kichwa kwa mikono miwili. Kumbukumbu zake hazikuwa na tatizo lolote. Usiku ule alituuliza mpaka jina la mwalimu mkuu wetu aliyestaafu mwaka juzi. Lakini alipomimina chai, niliona kidole chake kimoja kimezama kidogo ndani ya kikombe, kikisubiri chai ifike.

Rafiki yangu naye aliona. Hatukusema neno. Mjukuu wa mzee, mvulana wa darasa la nne anayeishi naye, alituangalia mmoja baada ya mwingine, kisha akainama kwenye makande yake.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mzee alitembea kwenda kanisani akiwa ameweka mkono begani kwa yule mjukuu, kama wazee wengi wafanyavyo, na mtu asiyejua asingeona kitu. Ulipofika wakati wa masomo, kiongozi wa ibada alimwita yeye. Alikwenda mbele bila haraka, akigusa ncha za mabenchi, akapanda, akaweka mkono juu ya ile Biblia kubwa ya mimbarani. Somo lilikuwa la Warumi sura ya 8, kuanzia aya ya 18, pale panaposemwa juu ya viumbe vyote kuugua kwa kungoja. Mimi nilifunua Biblia yangu nikamfuatilia. Alisoma vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia akisoma kanisani. Hakukimbia, hakujikwaa, alipumzika pale ambapo maana inapumzika. Nilikuwa nasikia somo hilo kama barua iliyofika leo.

Ibada ilipokwisha, rafiki yangu alipita mbele kama mtu anayetaka kuangalia maua ya madhabahuni. Akarudi rangi imembadilika. Ile Biblia ilikuwa wazi kwenye Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati.

Nje, chini ya mti, mwinjilisti alitusalimia kwa furaha, akasema neno moja tu la ziada, kwa sauti ya chini. "Sisi tunajua," alisema. "Tunajua tangu mwaka jana. Mzee alitusihi tusiwasumbue watoto wake wa mjini." Kumbe kila alipopangiwa somo, mjukuu alimsomea kila jioni kuanzia Jumatatu, aya mbili mbili, mpaka Jumamosi awe nalo lote kichwani. Ushirika mzima ulikuwa unalinda siri ile, kwa upendo. Na mtoto wa miaka kumi alikuwa ameibeba kuliko wote.

Msomaji wangu, sikuwa na hasira na watu wale, na hata sasa sina. Lakini nilitafakari sana pale nje. Tunakiri kwamba Neno alifanyika mwili akakaa kwetu. Mungu alikuwa na manabii, alikuwa na malaika wa kutuma, na alikuwa ameshatuma vya kutosha. Kisha akaja. Aliguswa vazi, alishika mikono ya wagonjwa, aliona kwa macho ya nyama ambavyo Martha amechoka na Mariamu amelia. Huwa tunaliimba jambo hilo Krismasi na kuliacha hapo. Kumbe lina kazi hata mwezi Juni, kwenye njia ya milimani, kwa mtu ambaye kwa mwaka mzima ameambiwa "sijambo" na sauti aipendayo.

Nyumbani mambo yaliharibika. Rafiki yangu aliuliza, sauti ikitetemeka, "Baba, kila Jumapili nakuuliza, hujambo. Unanijibu nini?"

"Nakujibu sijambo. Na sijambo," alisema mzee. "Uliniuliza hali. Hukuniuliza macho."

Mimi nilikaribia kucheka, Mungu anisamehe, ila binti yake hakucheka. Mzee akaendelea, kwa ule ule utaratibu aliosomea Warumi. Alisema Isaka alipofifia macho alidanganywa na mtoto wake, na yeye ameamua kugeuza kibao, amewadanganya watoto. Ndipo akaacha mzaha. "Mumeo yuko kitandani, hawezi hata kuinua kijiko, na mimi nikupigie simu niseme sioni? Ungekuja, nani angemgeuza yule? Usingekuja, ungelala?"

Hakuwa na jibu. Aliondoka akaenda jikoni, akaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Mzee hakutaka hospitali. Mke wake aliingia hospitali miaka tisa iliyopita kwa kutembea, akatoka amebebwa, na tangu hapo yeye hajakanyaga. Zaidi ya hapo, watu fulani wa maombi walikuwa wamemfikia, wakamwambia kwamba kupasuliwa jicho ni kupungukiwa imani. Hili alituambia kwa unyonge, kama mtu asiyelisadiki sana lakini analiogopa. Nilimkumbusha yule kipofu wa Yohana sura ya 9. Bwana angeweza kumponya kwa neno tu. Badala yake alitumia udongo na mate, kisha akamtuma mtu yule, bado haoni, atembee mwenyewe mpaka Siloamu akanawe. Mzee alisikiliza akitikisa kichwa. "Unafundisha vizuri," alisema, na hakukubali.

Pia alikuwa na hoja nyingine, ambayo ninaiheshimu mpaka leo. Alisema tangu macho yafifie ameijua Biblia kuliko miaka yote aliyoisoma. Zamani alisoma kwa macho, likaingia na kutoka. Sasa kila neno inabidi akae nalo wiki nzima. "Nikiona tena," aliniuliza, "si nitarudi kusoma kama watu wote?" Niliwahi kumuuliza mchungaji wetu swali hilo baadaye, akasema tulijadili siku nyingine. Bado tunasubiri siku hiyo.

Jumatatu asubuhi nilikaa naye kwenye benchi la nje, juani. Rafiki yangu alikuwa amekwenda kuchota maji, au amekwenda kulia, sijui. Mzee aliniomba nimweleze tulipopita. Nilimwambia mkonge, nilimwambia Wami, nilimwambia ziwa na mlima. Aliniuliza kama nimeiona treni. Alisikia redioni kwamba treni ya abiria kutoka Dar es Salaam imerudi Moshi tangu mwaka 2019, naye alikuwa amezitumikia reli hizo tangu kijana, zikafa machoni pake, na sasa zimefufuka hazioni. Nilimwambia treni sikuiona, ila reli zinang'aa. Kung'aa kwa reli ni habari kubwa kwa mtu wa reli, maana yake zinatumika. Alifurahi mno.

Halafu akashusha sauti. "Mwanangu, huyu binti yangu, amezeeka?"

Nikasema, "Hajazeeka, baba. Amekonda kidogo."

"Ana mvi?"

"Anazo. Hapa mbele, juu ya paji la uso."

Akanyamaza muda mrefu. Kuku walipita miguuni petu. "Mama yake alianzia hapohapo," alisema. Kisha, kama mtu anayeuliza ratiba ya basi: "Hiyo hospitali mnaenda siku gani?"

Tulimpeleka Moshi, KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo watu wa kaskazini wengi wameifuata kwa ajili ya macho. Kadi yake ya bima ilikuwepo siku zote. Binti yake alimsajili kama mtegemezi wake miaka mingi nyuma, na mzee aliiweka ndani ya Biblia aliyokuwa haisomi tena. Kwenye mabenchi ya kitengo cha macho walikaa wazee wengi, wengine wamefunikwa jicho moja, na kila mmoja alikuwa na mtu pembeni yake aliyemshika mkono. Mjukuu alikataa kubaki nyumbani. Alitembea mbele yetu kwenye korido kama ofisa.

Daktari, mama mmoja mpole, alichukua muda wake. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, alisema, na mtoto wa jicho anaondolewa. Jicho la kulia halina mtoto wa jicho peke yake. Lina presha ya macho, tena ya siku nyingi. Presha hiyo haiumi, haiwashi, haina kelele. Inakula pembeni kidogo kidogo, na iliyokwisha kula hairudishi. Wanaweza kuizuia isiendelee kwenye jicho la pili kwa dawa za matone. La kulia halitaona tena.

Rafiki yangu aliuliza swali ambalo nilitamani asiliulize. Kama wangekuja mwaka juzi? Daktari hakumdanganya. Alisema wangeokoa kitu.

Sitaki kulipaka sukari jambo hilo. Nimesoma shuhuda nyingi ambamo mwisho wake kila kilichopotea kinarudi, na ninajua zipo za namna hiyo, lakini hii siyo. Mzee alimshika binti yake mkono pale kwenye kiti, akausugua kwa kidole gumba, akasema jambo kwa lugha yao. Sikumuuliza rafiki yangu maana yake. Mambo mengine ni ya baba na mtoto.

Upasuaji ulipangwa wiki ileile. Alichomwa sindano ya ganzi, akabaki macho, na nje sisi watatu tuliomba kwa zamu, mjukuu akiwa na ombi refu kuliko yote, lenye majina ya ng'ombe. Kesho yake asubuhi muuguzi alibandua pamba. Mzee alipepesa. Aliangalia ukuta, akaangalia mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma, akamwangalia mjukuu na kusema amekua, amefanana na bibi yake. Binti yake alikuwa amesimama nyuma kidogo, amejifunga kilemba. Mzee akamwita kwa lile jina la nyumbani.

"Vua hicho," alisema.

Akavua. Mzee akamwinamisha kichwa, akaangalia kwa jicho lake moja kwa muda ambao muuguzi mwenye foleni alivumilia, ninamshukuru.

"Ndiyo," alisema. "Hapohapo."

Tulirudi Dar es Salaam mwanzoni mwa Julai, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Mzee bado anasoma masomo kanisani. Mwinjilisti anasema siku hizi anasoma kwa kitabu, na mara mbili amejikwaa. Mjukuu alilalamika kwamba kazi yake imekwisha, basi wakakubaliana waendelee na aya mbili kila jioni, ila sasa mzee ndiye anayesoma na mtoto ndiye anayekariri. Wako kwenye Isaya.

Simu za Jumapili zinaendelea, lakini hazifanani na zile za zamani. Nimemsikia rafiki yangu mara kadhaa, tukiwa tumetoka mazoezi ya kwaya. Hamuulizi tena hujambo. Anaanzia juu. "Jicho la kushoto? Matone umeweka asubuhi na jioni? Masikio? Kifua? Magoti? Usingizi?" Na mzee anajibu kimoja kimoja, kama anayejibu mahudhurio ya darasani. Wiki iliyopita walipofika kwenye mabega alisita. Akasema bega lina habari yake, ila habari hiyo haitoshi kwenye simu.

Kwa hiyo tunakwenda tena Desemba, shule zikifungwa. Kigari kiko kwa fundi tangu juzi, maana breki zilikuwa zinalia tuliposhuka Soni, na shangazi yangu ameshatuma ujumbe kwamba safari hii tulale usiku mbili.